Askari wa Ubongo na Kuvu Iliyojificha

1. Kuvu tunazozijua

Katika wilaya ya Kongwa kila mtu anazijua kuvu, hata kama hajapata kulisikia jina hilo. Uyoga unaoota porini wakati wa mvua ni kuvu. Ukungu unaoshika mahindi yaliyowekwa ghalani kabla ya kukauka ni kuvu. Hamira inayoumua unga wa maandazi ni kuvu. Choa katika ngozi ya mtoto huletwa na kuvu. Watu wengi huziita fangasi.

Kuvu nyingine zina faida. Nyingine zina madhara. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo iliharibu maini yao. Lakini somo letu si la sumu iliyomo katika chakula. Somo letu ni la kuvu yenyewe, ikiwa hai, inayoingia mwilini na kukaa ubongoni.

Tutajifunza mambo matatu. Kwanza, jinsi kuvu inavyofika ubongoni. Pili, jinsi askari wa ubongo wanavyopambana nayo, na kwa nini mara nyingine wanashindwa. Tatu, jinsi sisi wanakijiji tunavyoweza kuwasaidia askari hao kabla mambo hayajaharibika.

2. Kuvu yenye vazi la mlenda

Kuvu tunayoisema inaitwa kriptokokasi. Ni ndogo sana. Haionekani kwa macho. Ukizipanga kuvu 200 za namna hii katika mstari mmoja, mstari huo utakuwa na urefu wa milimita 1 tu. Madaktari wa Ujerumani waliitambua katika mwili wa mgonjwa mwaka 1894.

Kriptokokasi ni ndugu wa hamira. Huzaana kama hamira. Kuvu moja huota kichipukizi ubavuni. Kichipukizi hukua, kisha hukatika na kuwa kuvu nyingine. Moja huwa mbili. Mbili huwa nne. Nne huwa nane.

Lakini kriptokokasi ina kitu ambacho hamira haina. Imevaa vazi la ute. Ute huo unateleza kama mlenda. Kila mtu wa Kongwa anajua kwamba mlenda haushikiki kwa vidole. Vivyo hivyo, kuvu yenye vazi hili ni ngumu kushikwa na askari wa mwili. Tukumbuke jambo hili, maana tutarudi kwake.

Kuvu hii huishi udongoni, katika miti inayooza, na katika mavi ya ndege, hasa njiwa. Mavi yakikauka huwa vumbi. Upepo huinua vumbi hilo. Mtu huvuta hewa, na kuvu huingia katika mapafu yake.

Je, tuwaue njiwa wetu? Hapana. Tuache kulima au kufagia? Hapana. Vumbi lipo kila mahali. Watu wengi sana huvuta kuvu hii na hawaugui kamwe. Miili yao huishinda. Tena kuvu hii haiambukizwi na mtu kwa mtu mwingine kwa kukohoa, kwa kula sahani moja, wala kwa kulala chumba kimoja. Kwa hiyo hakuna sababu ya kumtenga mgonjwa wa ugonjwa huu.

3. Safari ya kutoka mapafuni hadi ubongoni

Mwili wa binadamu una ulinzi wake. Ndani ya damu na mapafu mna chembe nyeupe. Hizi ni askari wa mwili. Zikikuta kijidudu kigeni, hukimeza na kukiua.

Askari wa mapafu wakiwa na nguvu, huua kriptokokasi au huizingira isiweze kwenda mbali. Inaweza kukaa imezingirwa hivyo kwa miaka mingi. Mtu hajui kwamba anayo. Lakini mwili ukidhoofika, kuvu hutoka katika kifungo chake. Huingia katika damu na kusafiri.

Ubongo una boma lake. Mishipa ya damu ya ubongo ina kuta zilizobanana sana, kama boma la miiba linalozunguka zizi la ng'ombe. Vijidudu vingi haviwezi kupita. Kriptokokasi hupita kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kupenya ukuta yenyewe. Njia ya pili ni ya ujanja zaidi. Kuvu humezwa na chembe nyeupe, lakini haifi. Chembe ile husafiri hadi ubongoni ikiwa imeibeba ndani yake. Ni kama fisi aliyeingizwa zizini na mchungaji ndani ya gunia, bila mchungaji kujua alichobeba.

4. Askari wa ubongo

Ndani ya boma la ubongo wamo askari wengine, ambao ni wenyeji wa ubongo. Wanaitwa maikroglia. Mtaalamu wa Hispania, Pío del Río-Hortega, ndiye aliyewaeleza waziwazi kwa mara ya kwanza mwaka 1919. Askari hawa huingia ubongoni mtoto akiwa bado mchanga sana tumboni mwa mama yake. Hukaa humo maisha yote ya mtu.

Maikroglia mmoja ana mwili mdogo na mikono mingi myembamba, kama mti wenye matawi. Mwaka 2005 watafiti waliwatazama askari hawa katika ubongo wa panya walio hai. Waliona kwamba mikono yao haitulii hata kidogo. Wakati wote inapapasapapasa, huku na huku, ikikagua mtaa wake. Kila askari ana eneo lake la kulinda, kama mgambo wa kijiji.

Mgambo wa ubongo akigusa kitu kigeni, hufanya kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni kumeza. Hukunja mikono yake, mwili wake hunenepa, naye humeza adui.

Kazi ya pili ni kuua. Adui akiisha kumezwa, askari humwagia kemikali kali ndani ya tumbo lake.

Kazi ya tatu ni kupiga mbiu. Askari hutoa kemikali za kuita wenzake walio katika damu, waje kusaidia.

Tuone mfano wa mbiu hiyo. Kuna kuvu nyingine iitwayo kandida. Akina mama wanaifahamu, maana ndiyo iletayo utando mweupe katika kinywa cha mtoto mchanga. Mara chache kandida hufika ubongoni. Mwaka 2019 watafiti walitangaza walichoona katika panya. Kandida ilipoingia ubongoni, maikroglia waliitambua na kupiga mbiu. Chembe nyeupe za damu zilikuja mbio na kuiua kuvu. Hapo askari wa ubongo walifanya kazi yao sawasawa.

5. Askari anapokuwa nyumba ya adui

Kwa kriptokokasi mambo ni tofauti. Vazi lake la mlenda humteleza askari. Tena vazi hilo hufunika alama ambazo askari hutumia kumtambua adui. Askari huchelewa kutambua, na mbiu yake huwa dhaifu.

Hata akifaulu kumeza, taabu haijaisha. Kriptokokasi inaweza kuishi ndani ya tumbo la askari. Inaweza hata kuzaana humo. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, walieleza jambo la ajabu waliloliona katika panya. Kuvu hii inahitaji madini ya shaba kidogo ili iishi. Nje ya askari, ndani ya ubongo, ilipungukiwa na shaba. Ndani ya maikroglia haikupungukiwa. Yaani askari alikuwa amemficha adui na kumlisha. Watafiti walipowapunguza maikroglia kwa dawa, kuvu katika ubongo wa panya wale zilipungua badala ya kuongezeka.

Je, hii ina maana kwamba askari wa ubongo ni wabaya? Sivyo. Ina maana kwamba kumeza peke yake si kuua. Mgambo aliyemkamata mwizi, lakini hana pingu wala amri, anaishia kulala naye nyumba moja. Ili askari aue alichomeza, anahitaji kupata amri. Amri hiyo inatoka wapi?

6. Kamanda wa askari

Katika damu kuna chembe nyeupe za namna ya pekee, ziitwazo CD4. Hizi ndizo makamanda. Kuvu ikiingia, CD4 hutoa kemikali zinazokwenda kwa askari wengine, hata maikroglia. Askari akipata ujumbe huo, nguvu zake za kuua huongezeka. Kuvu aliyokuwa akiihifadhi tumboni sasa anaweza kuiangamiza.

Virusi vya UKIMWI, yaani VVU, hushambulia hasa CD4. Huwaua makamanda. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida ana CD4 zaidi ya 500 katika tone dogo la damu, dogo kuliko kichwa cha kiberiti. VVU isipotibiwa, hesabu hiyo hushuka mwaka hadi mwaka. Ikishuka chini ya 200 mtu yumo hatarini. Ikishuka chini ya 100 hatari ni kubwa zaidi. Maikroglia bado wapo, lakini hakuna wa kuwapa amri. Hapo ndipo kriptokokasi hupata nafasi.

Ndiyo maana zamani ugonjwa huu ulikuwa nadra. Tanzania ilitambua wagonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI mwaka 1983, katika mkoa wa Kagera. Baada ya UKIMWI kuenea, homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kriptokokasi iliongezeka sana katika Afrika. Wataalamu wanakadiria kwamba mwaka 2020 watu 152,000 wenye VVU duniani waliugua ugonjwa huu, na 112,000 walikufa. Wengi wao walikuwa Waafrika. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliiweka kriptokokasi katika kundi la kwanza la kuvu za hatari zaidi kwa binadamu.

Mara chache ugonjwa huu humpata pia mtu asiye na VVU. Anaweza kuwa mtu anayetumia dawa zinazopunguza kinga ya mwili, au mwenye ugonjwa mwingine mkubwa.

7. Kwa nini kichwa kinauma?

Ubongo umezungukwa na maji safi. Maji hayo huteremka hadi katika uti wa mgongo. Kila siku mwili hutengeneza maji hayo kiasi cha nusu lita, na kila siku maji ya zamani hutoka kwa njia zake na kurudi katika damu. Hivyo yaliyo kichwani na mgongoni kwa wakati mmoja hayazidi sana mililita 150, yaani nusu ya chupa ya soda.

Kriptokokasi zikizaana katika maji haya, ute wao huziba njia za kutokea. Ni kama mfereji uliozibwa na mlenda mzito. Maji mapya yanaendelea kutengenezwa, ya zamani hayatoki. Fuvu ni mfupa, halitanuki. Maji hubana ubongo. Hapo kichwa huuma, tena huuma sana.

Dalili za ugonjwa huu ni hizi:

Kichwa kinauma kwa siku nyingi, hata wiki mbili au tatu, na maumivu yanazidi.
Homa inakuja na kwenda.
Mgonjwa anatapika.
Macho yanaona mbilimbili, au yanaona giza. Mwanga unamuumiza.
Mgonjwa anasahau, anachanganyikiwa, au tabia yake inabadilika.
Mwishowe anapata degedege au anapoteza fahamu.

Wengi wamesikia kwamba homa ya uti wa mgongo hukakamaza shingo. Katika ugonjwa huu shingo mara nyingi haikakamai. Sababu tunaijua sasa. Shingo hukakamaa kwa ukali wa mapigano kati ya askari na vijidudu. Askari wasipopata amri, mapigano ni madogo. Kuvu zinaongezeka kimyakimya. Kwa hiyo tusiseme, "Shingo yake ni laini, basi si homa ya uti wa mgongo."

Tena ugonjwa huu huanza polepole. Ndugu hudhani ni malaria. Mgonjwa hupewa dawa ya malaria na vidonge vya maumivu, lakini hapimwi. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, watu husema amerogwa au ana mashetani. Huku na huko, siku zinapotea. Mgonjwa hachanganyikiwi kwa uchawi. Anachanganyikiwa kwa sababu ubongo wake umebanwa.

8. Je, kutoa maji ya mgongo kunaua?

Hofu hii imeenea mahali pengi. Watu husema, "Fulani alitolewa maji ya mgongo, akafa." Tuijadili hofu hii kwa makini, kwa sababu kukataa kipimo hiki kumewaponza wengi.

Kwanza, sindano inachomwa wapi? Inachomwa chini ya kiuno, kati ya mifupa ya mgongo. Uti wenyewe huishia juu zaidi ya mahali hapo. Kwa hiyo sindano haichomi uti. Daktari humkagua mgonjwa kwanza ili kuona kama kipimo kinamfaa.

Pili, maji yakitolewa hayaishi? Hayaishi. Tumeona kwamba mwili hutengeneza nusu lita kila siku. Kwa kupima hutolewa maji kidogo tu.

Tatu, maji yana kazi gani? Yanaonyesha ni ugonjwa gani. Homa ya uti wa mgongo inaweza kuletwa na bakteria, na kifua kikuu, au na kuvu. Dawa zake ni tofauti. Bila kupima, daktari anabahatisha.

Nne, kutoa maji ni tiba pia. Maji yaliyobana yakipunguzwa, kichwa hupata nafuu, mara nyingine saa ileile. Wagonjwa wengine huhitaji kutolewa maji mara kadhaa. Uchunguzi uliofanywa Uganda na Afrika Kusini na kutangazwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wagonjwa waliotolewa maji zaidi ili kupunguza mbano walipona kifo zaidi kuliko wale ambao hawakutolewa.

Basi kwa nini watu husema fulani alikufa baada ya sindano? Mara nyingi ni kwa sababu mgonjwa aliletwa akiwa mahututi. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kumshinda. Watu waliiona sindano, hawakuziona wiki tatu zilizopotea.

9. Dawa za kusaidia askari

Dawa kubwa ya ugonjwa huu ni amfoterisini. Dawa hii ilitokana na kijidudu cha udongoni kilichopatikana kando ya Mto Orinoco, nchini Venezuela, katika miaka ya 1950. Kuvu yetu inatoka udongoni, na dawa yake nayo ilitoka udongoni. Hutolewa kwa dripu hospitalini. Pamoja nayo hutolewa vidonge vya flusitosini na flukonazoli.

Zamani dripu ilitolewa kila siku kwa siku nyingi, na iliweza kuumiza figo. Halafu watafiti wa Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, pamoja na wenzao wa nje, walijaribu njia nyingine. Walitoa dripu moja tu ya amfoterisini ya namna mpya, kwa kipimo kikubwa, na vidonge kwa siku 14. Matokeo yalitangazwa mwaka 2022. Kati ya wagonjwa 407 waliopata dripu moja, 101 walikufa katika wiki 10. Kati ya wagonjwa 407 waliotibiwa kwa njia ya zamani, 117 walikufa. Njia mpya ilikuwa nzuri sawa na ya zamani, nayo ilileta madhara machache. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilishauri itumike.

Tutazame tena hesabu hiyo. Hata kwa dawa bora, na kwa matunzo mazuri, karibu mgonjwa 1 kati ya 4 alikufa. Kwa nini? Kwa sababu dawa huua kuvu, lakini haiwezi kurudisha sehemu ya ubongo iliyokwisha kufa. Watu wa Kongwa wanalijua somo hili kwa njia ya macho. Kwa miaka mingi wilaya hii imepambana na trakoma. Dawa huponya trakoma mapema. Kovu likishaharibu jicho, dawa hairudishi kuona. Ndivyo ulivyo ubongo.

Kuna jambo jingine la kushangaza. Mgonjwa akigunduliwa, mtu angedhani ni vizuri aanze dawa za ARV siku ileile, ili makamanda warudi upesi. Sivyo kwa ugonjwa huu. Uchunguzi uliofanywa Uganda na Afrika Kusini, uliotangazwa mwaka 2014, ulihusu wagonjwa 177. Walioanza ARV mapema walikufa 40 kati ya 88. Waliosubiri kiasi cha wiki tano walikufa 27 kati ya 89. Inafikiriwa kwamba makamanda wakirudi ghafula, huku ubongo umejaa kuvu, askari wote huamka kwa pamoja. Vita kali hupiganwa ndani ya fuvu, na ubongo huvimba. Kwa hiyo kwanza kuvu hupunguzwa kwa dawa zake. Kisha, baada ya wiki nne hadi sita, ARV huanza.

Tuelewe vizuri. Ushauri huu ni kwa mgonjwa aliyegunduliwa ana kriptokokasi ubongoni, tena kwa amri ya daktari. Watu wengine wenye VVU waanze ARV mapema. Na yeyote ambaye tayari anameza ARV asiache mwenyewe.

10. Kuigundua kuvu kabla kichwa hakijauma

Ute wa kriptokokasi huonekana katika damu kabla mtu hajaugua. Wachunguzi nchini Uganda waliona kwamba kwa kawaida ute huonekana katika damu yapata siku 22 kabla ya dalili kuanza. Kwa wengine ni zaidi ya miezi mitatu. Hizo ni siku za bahati. Mtu akipimwa wakati huo, na kuonekana kwamba kuvu haijafika ubongoni, hupewa vidonge vya flukonazoli, na anaweza asiugue kabisa.

Kipimo ni rahisi. Ni kijikaratasi kama kile cha kupimia malaria. Hutumia tone la damu, na majibu hupatikana kwa dakika 10 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima mwenye VVU ambaye CD4 zake ziko chini ya 100 apimwe. Hata aliye chini ya 200 inafaa apimwe.

Je, kupima kunasaidia kweli? Hapa tuna ushahidi wa nchini kwetu. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na wenzao wa Zambia na Uingereza, walifanya uchunguzi Dar es Salaam na Lusaka. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Wagonjwa wa VVU 1,999 wenye CD4 chini ya 200 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida ya kliniki. Kundi la pili lilipata mambo mawili zaidi. Walipimwa kriptokokasi, na aliyekutwa nayo alipewa dawa. Tena walitembelewa nyumbani mara moja kwa wiki, katika wiki za kwanza nne, na watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo.

Baada ya mwaka mmoja, katika kundi la kwanza walikuwa wamekufa 180 kati ya 998. Katika kundi la pili walikufa 134 kati ya 1,001. Yaani watu 13 badala ya 18 katika kila watu 100.

Tuangalie walioleta mabadiliko hayo. Hawakuwa madaktari peke yao. Walikuwamo watu wa kawaida waliobisha hodi, wakauliza, "Umemeza dawa? Kichwa hakikuumi?" Kazi hiyo inaweza kufanywa Kibaigwa, Mlali, na katika kijiji chochote.

11. Tufanye nini?

Moja. Tupime VVU, wanaume kwa wanawake. Anayejijua mapema huanza ARV makamanda wake wakiwa bado wengi. Dawa za ARV hutolewa bure katika kliniki za tiba na matunzo. Hii ndiyo kinga kubwa kuliko zote.

Mbili. Mwenye VVU aulize kliniki, "CD4 zangu ni ngapi? Je, nimepimwa kriptokokasi?" Kuuliza si utovu wa adabu. Ni haki yake. Aliyeacha ARV kwa miezi mingi naye aulize, maana makamanda wake wamepungua tena.

Tatu. Kichwa kikiuma zaidi ya siku chache na dawa ya maumivu haisaidii, mgonjwa aende zahanati au kituo cha afya upesi. Aseme wazi kama ana VVU. Akipewa barua ya kwenda Hospitali ya Wilaya ya Kongwa au hospitali za Dodoma mjini, jamaa wasingoje wiki ijayo. Waondoke siku hiyo.

Nne. Tusinunue vidonge vya flukonazoli dukani na kumtibia mgonjwa wa kichwa nyumbani. Vidonge hivyo peke yake havitoshi kwa kuvu iliyokwisha ingia ubongoni.

Tano. Daktari akisema maji ya mgongo yatolewe, ndugu waulize maswali yao yote. Lakini wasimtoroshe mgonjwa kwa hofu.

Sita. Tumtembelee jirani anayeanza dawa. Maikroglia bila kamanda hawawezi kuua adui waliyemmeza. Mgonjwa bila majirani naye hushindwa kumaliza safari ya kliniki.

Maneno mapya

Kuvu: viumbe kama uyoga, ukungu na hamira, fangasi.
Kriptokokasi: kuvu ndogo yenye vazi la ute, inayoweza kuingia ubongoni.
Maikroglia: chembe hai zinazolinda ubongo.
CD4: chembe nyeupe zinazotoa amri kwa askari wa mwili.
ARV: dawa za kupunguza nguvu za VVU.

Maswali ya kujadiliana

1. Taja kuvu tatu unazozijua hapa kijijini. Zipi zina faida na zipi zina madhara?
2. Kwa nini askari wa ubongo humeza kriptokokasi bila kuiua?
3. Katika ugonjwa huu, kwa nini shingo mara nyingi haikakamai?
4. Jirani yako anakataa ndugu yake asitolewe maji ya mgongo. Utamweleza nini?
5. Katika kijiji chetu, nani anaweza kuwatembelea wagonjwa walioanza ARV? Tupange pamoja.